Msimu Tuliotwaa Ubingwa kwa Kiswahili

Mwanangu Nassor,

Nakuandikia kwa lugha ambayo huenda ukalazimika kuisoma mara mbili, na nakuomba uvumilie. Simu zetu za Jumapili zimekuwa fupi na zenye adabu mno. Tunaulizana hali ya hewa ya huko Kanada na ya hapa Edmonton ya London, kisha tunatakiana wiki njema, yote kwa Kiingereza. Nimejaribu kukumbuka ni wapi tulipata kuzungumza vinginevyo, na kila nikirejea nyuma nafika uwanjani, msimu ule timu ya chuo chako ilipotwaa ubingwa wa vyuo.

Mama yako alikuwa amefariki kabla ya msimu huo kuanza. Nyumbani ulinielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza, kama vijana wengi waliozaliwa hapa, nami sikuona hoja ya kukulazimisha. Nilianza kuja kwenye mechi zako kwa sababu nyumba, siku za Jumamosi, ilikuwa kimya kupita kiasi. Nilisimama mbali na wazazi wengine chini ya mwavuli wangu. Wao walipaza sauti kwa wepesi. Mimi, ambaye kazi yangu ni ukalimani, sikupata neno la Kiingereza la kukufikia mapema kuliko yule mshambuliaji aliyekuwa akikunyemelea. Nikapaza sauti kwa Kiswahili, "Nyuma! Mtu!" Hukugeuka kunitazama. Ulimrudishia kipa mpira, na yule mshambuliaji akapita patupu.

Ndani ya basi ulinieleza, kwa Kiingereza, kwamba wale wapinzani hawakuelewa kitu, na kwamba wiki ijayo nisimame karibu zaidi na mstari.

Nilisimama karibu. Haikuchukua muda mabeki wote wakawa wanacheza kwa maneno yangu machache, na kocha wenu, yule Mjamaika, alisema kwamba maadamu hamfungwi, mngeweza hata kuimba. Unamkumbuka Tomek, kipa wenu Mpolandi, alivyokuwa akiwafokea mabeki "Toka!" kwa lafudhi ambayo babu yako wa Wete asingeitambua kamwe? Siku niliyobishana na mwamuzi kuhusu kuotea, ni yeye aliyenitupia neno kutoka golini, bila tabasamu: "Tulia, Baba Nassor." Wewe uliinama kuficha kicheko. Nilikuwa sijakuona ukicheka tangu tulipotoka makaburini.

Kisha ikaja fainali. Nilikuwa nimekwisha kukuagiza mara kadhaa kumbana mshambuliaji wao wa kati upande wa kulia, naye kila mara akihamia kushoto, nikashangaa bahati yake. Mpira ulipotoka karibu nami, kijana huyo alikuja kuuchukua, akanitazama kwa upole wa mtu aliyeshinda tayari, akasema, "Papa, na sisi tunasikia." Wazazi wake walikuwa wametoka Bukavu, kule Kongo wanakosema Kiswahili. Mkakati mzima wa msimu, na mimi sikuwahi kuwaza kwamba London hii ina Waswahili wengine.

Nikanyamaza. Lilikuwa jambo la busara: kila neno langu lilikuwa linawanufaisha wapinzani. Mlicheza hivyo kwa muda, kimya, nami nilikuona ukigeuza kichwa kuelekea mstarini, mara moja, kisha tena. Hatimaye ulisimama katikati ya uwanja, mpira ukiwa bado unachezwa, ukanipigia kelele mbele ya watu wote:

"Baba, sema tu. Waache wasikie."

Nikasema. Nilipoona nafasi mbele yako nilikwambia, "Panda!" Ukapanda, ukamimina krosi, na likapatikana bao pekee la mchezo. Baadaye yule kijana alinifuata kunipa mkono. "Papa, nilisikia yote," akasema, "lakini miguu ilikataa."

Kwa miaka mingi niliuchukulia wito wako kuwa ni ujasiri wa mchezaji. Nadhani niliuweka mahali pasipo pake. Siri yetu ilikuwa imekwisha kufichuka, na maneno yangu hayakuwa tena na faida yoyote ya kimchezo. Bado uliyataka.

Kiingereza cha simu nilikianzisha mimi, ulipooa. Mkeo alikuwa kando yako, na adabu ilinitaka niseme lugha anayoifahamu. Kisha ikawa desturi, hata anapokuwa kazini. Hivi sasa nasema Kiswahili kutwa nzima, kwa simu, nikiwa peke yangu mezani, na hakuna sentensi hata moja iliyo yangu. Kanuni ya kazi hii ni kwamba mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwingine. Juzi mama mmoja alieleza kwamba mwanawe yuko mbali na sauti yake imembadilikia, hamtambui tena. Nikayafasiri maneno yake kama inavyotakiwa, kwa nafsi ya kwanza: mwanangu yuko mbali, simtambui tena. Afisa aliyekuwa akimhoji aliniuliza kama laini imekatika. Nilimjibu kwamba laini ni nzima.

Sikuandikii kukulaumu, sina ushahidi wa kosa lolote kwa upande wako. Ninakueleza tu kwamba nyumba hii imerudia ule ukimya wake wa Jumamosi, na kwamba sasa hakuna mechi ya kuikimbilia.

Kwa hiyo Jumapili, ukipiga, nitasema Kiswahili tangu salamu. Wewe nijibu kwa lugha itakayokujia mdomoni, sitakusahihisha. Na mkeo akiuliza nimesema nini, mfasirie wewe. Mimi, siku hiyo moja ya wiki, nataka kuzungumza.

Nakuaga kwa leo, mwanangu.

Baba yako,
Edmonton