Baba Akamatwa na Darasa la Tatu

Barabara ya Quarry 14,
Harlan Falls, Ohio.
24 Februari 1994.

Mpendwa dada Marietta,

Hujambo huko Alaska? Shemeji na watoto wazima? Kifua chako kimeachia, au bado unakohoa na kusema si kitu? Sisi huku tu wazima, theluji imefika dirishani, na mimi nimekaa jikoni nacheka peke yangu kama mwehu. Ngoja nikusimulie.

Unamjua Baba na sikukuu yake. Tangu astaafu ualimu, kila tarehe ishirini na mbili Februari, siku aliyozaliwa Rais Washington, anakuja darasani kwangu na pai ya cheri na kile kishoka chake cha kadibodi. Anawasimulia watoto jinsi George mdogo alivyoukata mti wa cheri wa baba yake, akaulizwa, akakiri kosa, akasema hawezi kusema uongo. Mimi na wewe tumelelewa na hadithi hiyo. Na tangu Mama atutoke, ndiyo siku pekee Baba ananyoa ndevu bila kusukumwa.

Sasa mwaka huu nina mtoto anaitwa Odessa Pruitt, miaka minane, mdomo wa wakili. Wiki iliyopita nafundisha habari za Washington, akasimama na kitabu cha maktaba. "Mwalimu, humu wanasema hadithi ya mti ilitungwa tu, Washington mwenyewe ameshakufa. Kwa hiyo tunakatazwa uongo kwa kutumia uongo?" Darasa zima, "Eeeh!" Nikawaambia ni kweli, ilitungwa. Ningefanyaje?

Lakini hapo nilikwama, dada. Watoto nisingewadanganya, na Baba sikutaka aaibike mbele yao, kisha ajifungie nyumbani moja kwa moja. Jumatatu jioni nikamwendea. Nikamkuta anasukuma unga wa pai, nikamweleza taratibu. Akaacha kusukuma. "Nusu ya mji huu nimeifundisha mimi, Verna. Leo katoto kananifunga mdomo?" Hata kahawa hakunikaribisha. Nilirudi kwangu nimenywea.

Jumanne nikajua haji. Mara hodi! Baba huyo, kanyoa, kavaa koti la buluu, pai mkononi, kishoka kwapani. Hakunitazama. Akaanza hadithi ile ile, tena kwa madoido kuliko zamani, akaukata mti hewani hadi miwani ikamdondoka. Mimi nimeganda ukutani namwomba Mungu Odessa apitiwe na usingizi. Thubutu! Mkono juu.

"Babu, hiyo ni kweli?"

Baba akamwangalia, akakiangalia kishoka, masikio yakamwiva.

"Si kweli," akasema. "Nimeambiwa jana, nikakasirika mpaka pai ikaungua."

Watoto walicheka mpaka madawati yakalia. Kisha wakamgeuza mwanafunzi, kila mmoja anataka kumfundisha. Kwamba Washington alipoapishwa alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake, na yale ya bandia hayakuwa ya mti kama watu wanavyodai. ("Ala! Hata hilo?" akasema Baba.) Kwamba alipigania uhuru huku shambani kwake akiwa na watumwa wengi. Kwamba baada ya vipindi viwili aliachia madaraka kwa hiari yake, akarudi kulima. Baba kakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia kidevu, anasikiliza.

Wakati wa kukata pai akauliza kwa sauti ndogo, na hapo aliniuma kweli, "Basi mwakani mimi nije kufanya nini, kama mnajua kila kitu?"

Odessa, mashavu yamejaa pai, hata hakufikiri. "Uje utudanganye tena, Babu. Sisi tukukamate."

Dada, nililia. Baba alipenga kamasi kwa nguvu akasingizia mafua.

Tangu jana anashinda maktaba, anatafuta uongo kuhusu marais wa zamani, mzuri, usiokamatika upesi. Anasema na wewe umtumie wa kwako, maana tangu utotoni ulikuwa fundi.

Nisalimie shemeji Lowell, Nettie na Bram mdogo. Mungu awatie joto kwenye baridi hiyo, na atukutanishe kiangazi tukiwa wazima.

Mdogo wako, anayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Verna