Seli ya Tatu

Baba Zuhura,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Hali yako anaijua aliyekuchukua, na yangu utaisoma humu. Naanza na hasira, maana nimetoka nayo Korogwe na matuta yote yale ya njiani hayakuipunguza.

Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari, hapa Kang'ata, palepale tulipokuwa tunapaki, karibu na zizi la kina Bibi Nasieku. Nimeendesha mwenyewe. Gia ya pili inanigomea kama ulivyosema itanigomea. Chumba chetu cha mbao na bati mgongoni mwa gari bado kinalia kwenye kona ileile, na kitanda upande wako nimeweka masanduku ya sindano, kwa sababu nikikiacha kitupu silali.

Unaikumbuka hesabu yetu. Betri ya nyuma ni ampea mia mbili, lakini ulikuwa ukisema nusu ndiyo mwisho, ukiishusha chini ya nusu umeiua mwenyewe. Kwa hiyo ya kwetu ni mia moja tu. Friji la chanjo linakula arobaini na nane mchana na usiku. Jua la Kang'ata linarudisha hamsini, tunapona. Kule Dindira, kwenye ukungu wa mashamba ya chai, paneli inarudisha kumi na tano; tunapoteza thelathini na tatu kila siku, siku ya tatu tushuke. Hesabu hiyo niliipiga mimi, mtu wa darasa la saba niliyeanza kwa kuchanja kuku wa watu kwa baiskeli. Wewe ukaiandika kwa rangi kwenye mlango wa friji, ukawa unamwonyesha kila mgeni: "Huyu ndiye injinia wangu."

Na kila asubuhi, ukishaswali, ukishapasha injini dakika zako ishirini, ulikuja kusimama nje ya dirisha. "Ngapi, Mama Zuhura?" Mimi naangalia mita ya volti za betri. "Kumi na mbili nukta nne." "Alhamdulillah." Naandika kwenye daftari. Miaka miwili, Baba Zuhura. Haikukosekana asubuhi hata moja tuliyolala porini.

Asubuhi ile injini ilipita dakika ishirini. Nililala nikihesabu. Ishirini na tano. Thelathini. Nikaanza kunung'unika peke yangu kuhusu dizeli, namna mtu anavyoichoma kama vile ina kisima. Dakika ya arobaini nikashuka, maneno ya kukwambia mdomoni nimeshayapanga. Ulikuwa umeegemea usukani, koti umelifunga vifungo vyote. Maneno yale sijui yalikwenda wapi. Nilirudi ndani mbio kuchukua simu, na jicho likaenda lenyewe kwenye mita, kwa mazoea tu. Kumi na mbili nukta tisa. Haijawahi kufika huko. Nimeishi na aibu hiyo, kwamba mume wangu yuko vile mbele na mimi nimesoma mita.

Tukakuzika. Nikakaa eda nyumbani Chanika, siku mia na ishirini na nane, nilizihesabu zote. Gari lilikaa uani. Nilipotoka, ndugu yako Rama akaligonga bodi akasema, "Shemeji, na hili nalo limekaa eda pamoja na wewe." Tulicheka. Ndicho kicheko cha kwanza nilichocheka, nakikumbuka.

Nikachukua chanjo, nikaja hapa. Asubuhi ya kwanza mita ilisoma kumi na moja nukta sita.

Nilidhani sijaona vizuri. Nikafuta kioo. Nikazima taa, feni, redio, hata kile kitaa kidogo cha kijani cha friji nikakifunika na plasta, kama vile kukifunika kunasaidia. Watu wakaja na simu zao. Wewe ulikuwa unawachajia kuanzia saa nne hadi saa nane, jua likiwa juu na paneli inatoa zaidi ya tunachokula. Mimi niliwakatalia. Bibi Nasieku alisimama na simu yake mkononi, akaniangalia kuanzia miguuni. Akasema, "Mzee alitupa jua la Mungu. Wewe umelifungia kabatini." Nilikuwa namkatalia kwa ajili ya ndama wake mwenyewe.

Asubuhi ya pili, kumi na moja nukta moja. Nilipanda juu nikaipangusa paneli kwa khanga yangu. Nilipiga hesabu upya, nikaigeuza, nikaanzia mwisho kurudi mwanzo. Iliingia hamsini, ilitoka arobaini na nane ya friji tu. Inapaswa kubaki. Haibaki. Baba Zuhura, mimi nimezoea kwamba kitu kikipotea, ukitoa na kujumlisha kwa subira utakiona kilipo. Hiki sikukiona. Kufika saa tano, ndani ya friji palikuwa na nyuzijoto kumi na nne, na chanjo mwisho wake nane. Chupa ishirini. Nje wamenikusanyia ndama sitini na tatu, vijana wameacha malisho kwa ajili yangu. Nilitoka nikawaambia warudishe. Hakuna aliyenitukana. Waliwafungulia tu, na vumbi likapita kwenye mlango wetu mpaka likaisha.

Nikajua betri nimeiua mimi. Siku mia na ishirini na nane za kukaa. Niliendesha mpaka Korogwe nikijisema njia nzima.

Fundi Singano alifungua vifuniko sita vya betri, akaingiza kile kipimo chake cha kioo, akanyonya maji ya seli moja moja. Ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu kielea kilizama chini kabisa, hakikuamka. Akafunika taratibu. Nikamwambia, ni eda yangu hii, fundi. Akaniangalia kama mtu anayepima afunge mdomo au afungue.

"Mama, hii ilikufa mwaka juzi. Nilimwambia mzee. Akasema usimwambie mama."

Akainua mkeka wa chini ya kiti cha dereva. Kebo nyekundu, nene kama kidole, imetoka kwenye injini imepita chini ya sakafu hadi betri ya nyuma. Uliivuta wewe. Kila alfajiri ulikuwa hupashi injini. Ulikuwa unaijaza betri kabla sijaamka kuisoma, halafu unakuja dirishani kuniuliza ngapi.

Daftari langu lote la miaka miwili ni uongo. Umenifanya niuandike kwa mkono wangu, mwandiko mzuri, mistari imenyooka.

Najua kwa nini. Nilikwisha kukuambia: siku betri hii ikifa tunapaki gari, unakaa nyumbani, kifua chako hakinipendezi. Ukacheka ukasema sawa. Nilidhani nimekuwekea mpaka, kumbe nimekuonyesha kitu cha kuficha. Na fundi alikuwa bado hajamaliza. Alisema siku ile uliyokwenda kwake ulipanda garini ukashuka tena, ukakaa juu ya tairi, mkono kifuani, pumzi haiji. Alipotaka kuniita ulimwambia, "Na hili pia usimwambie."

Betri ile ningeibadilisha kwa siku moja, Baba Zuhura. Seli moja, nani anakufa kwa seli moja? Na wewe ningekupeleka hospitali. Labda wangesema hakuna la kufanya. Labda. Lakini ningepewa namba halisi, ningekaa nayo, ningejua Dindira twende au tusiende. Ulinipa kumi na mbili nukta nne kila siku ukijua mimi ni mtu wa kuamini namba. Sasa nakaa nikijumlisha alfajiri zote zile ulizotoka peke yako kwenye baridi na kifua hicho, dakika ishirini ishirini, na sijui hizo niziweke upande gani. Za kunidanganya au za kunipenda. Hesabu hii imenishinda, na wa kuniambia nimekosea wapi hayupo.

Nimefunga betri mpya. Fundi aliuliza aikate kebo yako, maana haina kazi tena. Nilisema iache. Usidhani nimekusamehe. La kebo sijakusamehe. La kifua nimemwachia Mungu, ni zito mno kwangu.

Bibi Nasieku nilimwita jana, nikachaji simu yake ya kwanza, kabla ya zote, saa nne juu ya alama. Aliipokea akasema, "Umefungua kabati." Basi, yameisha. Ndama wanaletwa saa tatu leo. Friji lina nyuzi nne.

Hili nakuahidi, na nimemwahidi Zuhura pia: nikiumwa nitasema. Hata kichwa. Nitamwambia siku hiyohiyo, na namba nitampa ileile nitakayopewa mimi. Asiamke siku moja akute kila alichokiandika juu yangu ni uongo.

Lala salama, mume wangu. Niwie radhi kwa ile dizeli niliyoinung'unikia.

Leo nimeamka mapema kuliko wewe ulivyokuwa ukiamka. Injini sijaiwasha. Nimekaa kitandani, uso dirishani, nikasubiri uulize, nikasubiri mpaka jua likagusa paneli. Hukuuliza. Nakujibu hivyohivyo.

Kumi na mbili nukta tano, Baba Zuhura. Ya kweli.

Mama Zuhura