Chumvi Ilikuwa Imezidi

Guildford, Alhamisi

Sitamwambia supavaiza kwamba aliyeniokoa ni Mama.

Wiki nzima nimekuwa nikilaumu leza, mwanga ninaoupitisha kwenye chembe za damu. Chembe nyekundu ya damu, ikiwa hai na imefura vizuri, hukusanya mwanga kama lenzi ndogo mno. Zangu ziligoma. Kwenye skrini niliona ukungu tu, na supavaiza alishasema Ijumaa ikifika bila kitu, mashine anapewa mwingine.

Jana nikilalamika jikoni, Mama akauliza, "Hizo chembe umeziweka ndani ya nini?"

"Maji ya chumvi."

"Basi punguza chumvi. Hata maharagwe ukiyatia chumvi mapema yanakataa kufura."

Nilikasirika. Miaka yote hii ya masomo, halafu maharagwe!

Leo nimepima upya. Chumvi ilikuwa imezidi kweli, na chembe zilikuwa zimenywea. Nikapunguza. Zikafura taratibu, na mwanga ukajikusanya ukawa nukta moja kali. Nilipiga kelele peke yangu maabarani.

Nimemwonyesha Mama picha kwenye simu. Akauliza itamsaidia nani. Nikamwambia chembe yenye ugonjwa haipindi mwanga kama nzima, na huenda siku moja tone moja likatosha kumtambua mapema mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Sikumtaja dada yangu Atieno, ambaye tulijua ugonjwa wake tumeshachelewa.

Mama huogopa sindano, hata ya kliniki. Lakini aliweka mkono wake mezani, kiganja juu.

"Kesho chukua damu yangu."