Mti Nisioweza Kuutaja

Buseresere

Baba Noela,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa Sabiti wa basi akufikishie barua hii huko machimboni. Mimi na mtoto hatujambo. Mbuzi mweusi kazaa mapacha.

Upinde wa baba yako ulivunjika. Fundi Sostenes alikubali kuchonga mwingine wa mti uleule, ila mti wenyewe hakuujua. Alikwangua kipande, akakinusa, akakichoma aone moshi wake. "Si mkole, si mgunga," akasema. Baba naye, tangu kiharusi, hakuweza kujibu.

Mimi nilitafuna kibanzi nikaujua papo hapo.

"Utaje basi, Mama Noela!"

Nikatema kibanzi. Sostenes ni mgeni, anamwita baba yako Mzee tu. Hajui kwamba Mzee na mti ule wana jina moja, na mimi mke wa mwanawe nitalitamkaje? Alinicheka mpaka nilipompeleka nikamwonyesha shina.

Nimezunguka hivi kwa sababu sijui habari hii inaanzia wapi. Upinde ulikamilika juzi, Baba akaupapasa, akatabasamu. Jana alfajiri akatutoka.

Tunazika keshokutwa. Kaburini mtu wa damu yake atamwita kwa jina mara ya mwisho, kisha aupokee upinde. Hana mwana mwingine. Dhahabu gani inakuzuia, Enock?

Mimi jina lile sijalitamka tangu uliponioa. Njoo ulitamke wewe.

Mkeo,
Melania