Unga wa Wale Kumi wa Kwanza

Mwalimu Zakaria, mtani wangu,

Una roho ngumu wewe. Miezi minane tangu tukuzike Korogwe, na hujanijia hata ndotoni. Nikitoka shamba najilaza mchana kwa makusudi, kichwa nimekiweka vizuri, nasema leo atakuja. Naamka na shingo inauma, basi. Halafu nasikia umemtokea Mzee Sefu wa ng'ambo ya bonde, ambaye ulipokuwa hai hata uji hakukukaribisha. Kakuota mara mbili. Ananisimulia huku anajishaua, nikatamani kumpiga mwiko.

Kwa kuwa huji, nakuandikia. Ndiyo, mimi. Tumefunguliwa darasa la ngumbaru, la sisi wazee tusiojua kusoma, hapa kijijini, alasiri tatu kwa wiki, nami nakaa mbele kabisa kwa sababu ya macho. Leo ni siku ya sita niko na karatasi hii. Ukiona mstari umepanda mlima, ujue ndipo niliponyanyuka kufukuza kuku.

Misima tuko hai. Bomba limefika, linatoa maji likipenda. Shamba la kijiji mwaka huu limetoa mahindi ya kutosha, na tukikaa kupukuchua bado wanawake wanakutaja, wanacheka vile viganja vyako laini vilivyotoka malengelenge kabla gunia halijafika nusu. Na ulivyokunja magoti kwenye kigoda changu mpaka yakafika masikioni. Na ulivyolamba kalamu ya risasi kabla ya kuandika, kama mtoto na asali. Watu wengi wamepita kwangu maishani, Mwalimu. Wa kuniuliza neno kisha akanyamaza anisikilize, ni wewe tu.

Lakini sikukaa siku sita nikuletee habari za bomba. Kuna jambo limenikaa kooni.

Unakumbuka siku ile uliponieleza kazi yako. Nilikuuliza mtu mzima mwenye mke anatafuta nini kwenye hadithi za vikongwe, ukanichorea mistari mitatu chini kwenye vumbi. Wa kwanza, ukasema, ni yale yaliyoandikwa na Wayahudi zamani, na Wakristo wakayapokea, ambayo wewe uliyasoma kwa Kiebrania chao. Wa pili ni yale watunzi wa pwani waliyoyaimba kwenye tenzi. Wa tatu ni yale tunayosimuliana huku bara jikoni. Ukasema hadithi moja inaweza kutembea mistari yote mitatu, na kila inapolala hubadilisha nguo, na kazi yako ni kujua ilivishwa nini na nani.

Ukaanza na nabii ambaye mimi namwita Nabii wa Majipu, yule aliyefiwa watoto kumi siku moja. Ukaniambia kwenye maandiko ya kale mkewe anasema mara moja tu, tena wasomi wamegombana karne na karne kama alisema kwa uchungu au kwa uovu. Watunzi wa pwani wakamwonea huruma, wakamfanya ambebe mumewe mgongoni. Mwishoni mume anapona, anapewa watoto wengine kumi, na mama yao hatajwi. Ukaniuliza, "Bibi, huku kwenu yeye mlimpa nini?"

Nikakusimulia. Kwamba kwetu mwanamke yule aliwalea wale kumi wapya vizuri, hakuwanyima kitu. Ila kila akisonga bada, ugali wa muhogo, alipima unga wa watu ishirini. Mume akawa anaona chakula kinabaki, siku moja akamuuliza kulikoni. Akamjibu, "Hawa umepewa wewe. Wale bado ni wangu."

Uliacha kuandika. Ukatazama kuku muda mrefu. Kisha ukaniuliza nimeipata kwa nani, nikakujibu kwa bibi yangu, naye kwa bibi yake, kabla ya Mzungu wa kwanza kukanyaga Handeni.

Uongo, Zakaria. Bibi yangu alisimulia fisi na sungura tu.

Mwanzo ulikuwa utani. Mimi Mzigua, baba yako Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge. Tangu lini neno la mtani likamezwa bila kutafunwa? Nilingoja uniambie, "Bibi muongo wewe," nami nikutukane, tucheke. Nilisahau kwamba ulizaliwa kwenye kambi ya mkonge, ukalelewa na vitabu. Ukaandika. Uliporudi wiki ya pili ukanisomea kurasa nne, unasimama, unakaa, unasema hadithi hii ni ya kale na hakuna aliyeijua. Ningeanzaje kukukatiza? Na nilijua ukiambiwa kitu ni changu mwenyewe, kalamu inalala. Ulitaka ya wahenga.

Sasa nikuambie ilikotoka. Ule mwaka tulipohamishiwa kijijini niliacha makaburi mawili kule mahame, kwenye makazi yetu ya zamani, ya wanangu Saidi na Mwanaisha. Surua iliwachukua wiki moja. Baada yao nilizaa wengine wanne na kila mtu akaniambia Mungu amekurudishia. Nikaitikia. Tulipofika huku na nyumba mpya, siku ya kwanza nasonga, mkono wangu ukachota unga wa wawili zaidi. Mpaka leo unachota. Hilo sikumwambia mtu, hata baba yao. Nikaja kukwambia wewe kwa mdomo wa mke wa nabii.

Nilisema nitakueleza ukija tena. Ikaja homa yako ya siku tatu. Mazishini watani wenzangu walinisukuma nikafanye vituko kaburini kama desturi, miguu ikakataa. Wakadhani ni uzee.

Baada ya arobaini mkeo alikuja na kurasa zako zote, zimepigwa taipureta. Akasema chuo kinataka kuzitoa kitabu, na waliosoma wamesema sura ile ya mama na unga ndiyo moyo wa kazi yote. Akanisomea. Kila mahali umeandika ya kale, ya kale. Ningenyamaza, Mwalimu, nisingejulikana kamwe. Lakini jina juu ya kitabu ni lako, na wewe huwezi tena kusahihisha. Nikamwambia.

Akasema, "Bibi, umemuua mara ya pili." Akakunja karatasi, akaondoka bila kugusa chakula. Sikumlaumu. Neno lake hilo nililala nalo mwezi mzima.

Halafu ikaja barua. Niliisoma mwenyewe kwa kidole, kutwa nzima. Anasema sura haitaondolewa kitabuni. Kila ulipoandika "ya kale" amefuta, na mahali pake ameandika kwamba hadithi hii imetungwa wakati wetu, na chini yake: imesimuliwa na Mwajuma wa Misima, mama wa Saidi na Mwanaisha. Nilipofika kwenye majina yale nilidhani nimekosea herufi. Nikarudia. Hawajawahi kuandikwa popote, wale watoto. Sijui kama wewe umekasirika. Mkeo anasema ungefurahi, kwa sababu ulitaka kujua nani kaivisha hadithi nguo, na sasa anajulikana. Huenda ananipoza tu.

Natamani ungekuwepo nikutukane vizuri. Natamani urudi kwenye kigoda hata kwa gunia moja la kupukuchua, uniulize maswali yako yasiyoisha, nikujibu kweli tupu, hata ikikuharibia mistari yako mitatu.

Nakuahidi hivi: yeyote atakayekuja na kalamu, nitamtenganishia lililo la bibi yangu na lililo langu, mwanzoni kabisa, kabla hajakaa. Pumzika, mume wangu wa utani. Mola akupe nafasi pana.

Na siku ukiruhusiwa kutoka huko, usianzie kwangu. Mwezi uliopita nilikwenda Korogwe kumtazama mkeo. Analala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili umetandikwa, haujakunjika hata kidogo. Pita kwake kwanza, ukae mpaka ashibe. Kwangu njoo ukibakiwa na muda.

Mimi bibi yako,
Mwajuma