Ukungu Kwenye Kikasha cha Lenzi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na cherehani ya tatu imefika. Nimeinunua kwa jasho langu. Sasa nisikilize.

Kikasha cha lenzi zako za kuvaa machoni ulichosahau bafuni kwangu kimeota ukungu mweusi. Nimekitupa pamoja na lenzi zake, na usinipigie kelele: ukungu kwenye lenzi laini hauoshwi ukaisha. Kosa lako ni kuongeza dawa mpya ya kulowekea lenzi juu ya ile ya jana. Mwaga yote, sugua lenzi, tia dawa mpya. Maji ya bomba usiyaguse. Kikasha kikauke wazi, mbali na bafu, na ukibadilishe kila miezi mitatu.

Jana mchumba wako alipita. "Shemeji, mbona jicho lake jekundu kila nikimwona?"

Tangu posa namwambia ni vumbi. Nimechoka kukudanganyia, na jicho lililopofuka halishonwi. Nimemwambia unavaa lenzi, na bila hizo humjui yeye wala mlango.

Alicheka mpaka akakaa. "Kumbe ndiyo maana siku ile alimkumbatia kaka yangu!"

Basi vua hizo ulizovaa, vaa miwani. Kesho asubuhi anakuja kukupeleka kwa daktari wa macho. Mfungulie.

Dada yako, fundi