Sabuni Kwenye Paa la Mama

Da Zuhura,

Ni mimi Hamadi, nduguyo uliyeniita Redio kwa sababu sizimiki. Unajua kalamu na mimi hatukupatana tangu darasa la sita, kwa hiyo usikague mwandiko. Nina habari ya mwanao Salma, na siwezi kumpa mtu mwingine kabla yako, kwa sababu habari yenyewe ni yako.

Tangu utuage, nyumba yetu ya mtaa wa Kandara imepoa. Mama anafua kanga zako na hazijachafuka. Salma alikaa hasemi, hali, mpaka siku moja akachukua viatu vyake vya magurudumu, akaenda kwenye ile njia pana ya kando ya bahari, akarudi magharibi jasho linamchuruzika, akaomba wali. Nikasema, huyu atapona kwa miguu. Basi kila nikitoka bandarini nampeleka. Nimemfundisha mimi, na unajua nani alikuwa mfalme wa magurudumu Jeddah hii. Gari la polisi lilikuwa likinipigia honi. Si kunikamata, dada. Likiomba njia!

Kisha akasikia Riyadh kunaundwa timu ya wasichana ya hoki ya barafu. Ile ya magongo, kofia ngumu, na kisahani cheusi wanachokimbizana nacho. Akaniambia, "Mjomba, nataka kuwamo." Da Zuhura, tangu mazishi yako sikuwa nimemsikia mtoto yule akisema nataka. Nikaomba ruhusa kazini siku hiyohiyo. Bosi akaniuliza mgonjwa nani, nikamwambia mimi, na sikudanganya sana.

Tukapanda basi hadi Riyadh. Nje lami inayeyuka kwa jua, ndani ya jengo barafu tupu. Salma alipokanyaga nikafumba macho. Nilipofumbua, mtoto anapaa! Magoti kayakunja, uzito kauweka mguu mmoja, anasukuma kwa ubavu wa kiatu, si kwa ncha, vilevile kama kwenye magurudumu. Kona anazikata kwa kuvusha mguu juu ya mguu. Wasichana wenye mwaka mzima wa barafu wakabaki kumkodolea. Kocha wao, mama mmoja mrefu mwenye filimbi shingoni, akauliza huyu katoka wapi. Nikajibu mimi kutoka kwenye viti, "Jeddah! Na mjomba wake ni huyu hapa!"

Ndipo akapuliza filimbi wasimame.

Viatu vya magurudumu vya siku hizi vina kipande cha mpira kwenye kisigino. Unainua ncha ya kiatu, unakandamiza kisigino, unasimama. Ndivyo nilivyomfundisha. Kiatu cha barafu hakina mpira, kina ubapa wa chuma tu, kama kisu. Salma akainua ncha akatafuta breki, breki hakuna, akaenda chali mpaka ukutani. Bum! Akainuka. Filimbi. Bum! Wenzake wanageuza miguu yote miwili ubavu, chuma kinaparura barafu, wanasimama. Yeye mwili umemkatalia, maana kwenye lami ukigeuza hivyo magurudumu yanang'ang'ania chini, wewe unatangulia kwa pua.

Kocha akamwita pembeni. "Kwenda, unakwenda kuliko wote. Lakini hivi utanivunjia wachezaji. Rudi mwisho wa mwezi. Ukiwa bado hujui kusimama, halas, basi tena."

Jioni ilikuwa zamu ya watu wote, nikakodi viatu ili nimwoneshe. Dada, nilikwenda kasi mpaka masharubu yakaganda! Kusimama ndiko kulikonishinda. Nilisimamishwa na pengwini wa plastiki ambaye watoto humshikilia wasianguke, na mtoto mwenyewe alikuwa bado kamshikilia. "Ya ammo, huyu wangu," akaniambia, kaniita ami. Salma alicheka huku analia. Kicheko kikaisha, kilio kikabaki.

Tukaenda kula mtaa wa Sulimaniyah. Wali umekuja, haugusi. "Basi Mjomba, tusirudi tena." Nikainuka na sahani yangu kufuata pilipili, nisimtazame. Kumbe kijana wa mkahawa kamwaga maji ya sabuni, anasugua. Kandambili zangu zikaniponyoka. Miguu yote miwili ikaenda ubavu, magoti yakakunjika yenyewe, nikaserereka mpaka kaunta, nikasimama wima na sahani mkononi. Haikumwagika hata punje.

Nikakuona wewe, Da Zuhura.

Nikakuona Ijumaa asubuhi juu ya paa la Mama, nyuma ya zile kuta ndefu ambazo jirani haoni kitu, na vile viatu vyako vya mtumba vilivyokuwa na mpira mweusi kwenye ncha. Siku ya kwanza ulichora vigae, Mama akapiga kelele nyumba nzima, "Nani kachora sakafu yangu?" Ukaikata ile mipira kwa kisu cha jikoni, ukabaki huna breki. Mwingine angeviacha viatu. Wewe ukangoja siku ya kuosha paa. Mimi na ndoo, wewe unatoka mbio kwenye tangi la maji, unageuka ubavu juu ya sabuni, magurudumu yanateleza badala ya kushika, povu linaruka mpaka kwenye mashuka yaliyoanikwa. Unasimama. Unaniuliza, "Umeona, Redio?"

Nikarudi mezani mbio nikamweleza Salma. Akafuta machozi, akasema, "Mjomba, hiyo iweke pamoja na ile ya gari la polisi."

Utamlaumu? Uhai wako wote nilikuwa nikiisimulia hadithi hii ya paa mbele yako, na wewe unacheka tu, "Msikilizeni mjomba wenu," hukubali, hukatai. Ukaenda zako, ukaniachia hadithi moja ya kweli katikati ya hadithi zangu zote, na shahidi hakuna. Nikaapa kwenye basi, ataiamini hata ikinilazimu kung'oa vigae nimpelekee chumbani.

Ijumaa nikapanda paani na sabuni, ufagio na bisibisi. Mama kaketi kwenye ngazi. "Hamadi, na mvi hizo, unakwenda kuteleza juu ya paa?"

"Nakwenda kumfundisha mjukuu wako kusimama."

Nikafungua mipira kwenye viatu vya Salma. Mwenyewe kakunja mikono, kanuna, kasema habari za mama yake si za kuchezea. Ndipo Mama akapanda polepole kwa kushika ukuta, akaenda kwenye tangi, akalisukuma kwa mguu lile beseni kubwa la kufulia. Chini yake mstari mweusi, mrefu kama mkono wangu.

"Huu haukutoka mpaka leo," Mama akasema. "Mama yako huyo. Akanambia ni paka."

Salma akapiga magoti. Akaupitisha kidole tangu mwanzo wa mstari mpaka mwisho wake, taratibu. Akainuka.

"Mwaga sabuni, Mjomba."

Tukatandika magodoro ukutani. Alianguka, dada, sikufichi. Viwiko vilichubuka, nyonga iligeuka rangi. Mimi na ndoo yangu, "Kiuno kwanza! Geuza kiuno, miguu itafuata! Kaa chini, kandamiza mguu wa mbele!" Kila nikitoka kazini tulipanda, mpaka duka la chini likaniuliza kama tumefungua dobi. Siku ilipokubali alikuja mbio kutoka kwenye tangi, akageuka, akasimama hatua moja mbele ya kiti cha Mama. Povu likamjaa Mama kwenye kanga. Alikuwa kajifunga yako. Akajipangusa macho, akasema, "Ukiniachia alama, utaisugua kwa meno."

Tukarudi Riyadh. Filimbi ikalia. Salma alikuwa anakuja kasi upande wangu, nami nimesimama kwenye kile kimlango kifupi cha kuingilia barafuni. Sikuona ncha ikiinuka. Niliona kiuno. Chuma kikaparura barafu, kwaaa, akasimama. Filimbi tena, akasimama, upande wa kulia, upande wa kushoto. Kocha akaandika jina lake, akamuuliza, "Nani kakufundisha hivi kwa muda mfupi?"

Mkono wangu ulikwisha kuwa juu, kifua mbele.

Salma akasema, "Mama yangu."

Nikautumia ule mkono kujikunia kichwa.

Basi ndiyo habari yako. Mwanao kaingia, na sasa anakula kwa wawili. Mimi nimeapa mbele ya yule mtoto mwenye pengwini kwamba nitajifunza kusimama, hata kama goti langu moja litabaki Riyadh. Paa nitaliosha kila Ijumaa nikiwa hai. Ule mstari hatuutoi, Mama kakataza.

Na neno moja zaidi nakuahidi. Hadithi zangu nitaendelea kuzitia chumvi, ndivyo nilivyoumbwa. Yako sitaigusa. Barafu aliyoirusha Salma aliposimama mbele yangu ilinifika kidevuni. Ningeweza kusema darini. Ilinifika kidevuni.

Nimeona, Da Zuhura. Pumzika.

Nduguyo,
Redio